Ndala Hazizuii Shoti Bafuni

Mvua zikikolea Bukoba, swali ni lilelile: "Fundi, nikishika koki ya maji moto inaniwasha kidogo. Nikivaa ndala si inatosha?" Haitoshi. Nimelijibu Kashai, nimelijibu Kemondo, nimelijibu Muleba mjini, na bado kuna nyumba za wageni zenye jozi ya ndala mlangoni mwa bafu, mgeni anaelekezwa azivae kabla ya kuwasha hita. Kwangu jozi hiyo ni tangazo: mwenye nyumba anajua hita inavujisha umeme, na ameona ndala ni rahisi kuliko fundi.

Hita zile ndogo za plastiki zinazofungwa juu ya bomba la mvua, nyingi zina koili iliyo wazi, imezama ndani ya maji yaleyale yanayokumwagikia. Hazijaharibika, ndivyo zilivyoundwa. Kinachokulinda ni waya wa kijani na njano, ule wa ethi, unaoudaka umeme uliopenya kwenye maji na kuupeleka ardhini kabla haujakufikia. Fundi akiukata, au akiuacha uning'inie nyuma ya hita kwa kuwa ukutani hakuna wa kuungwa nao, basi unaoga chini ya waya wa umeme.

Hapo ndala inafanya nini? Raba kavu juu ya sakafu kavu ni kizuizi, sibishi. Bafuni hakuna kilicho kikavu. Maji yenye povu yanapita juu ya ukingo wa ndala na kukiunganisha kisigino na saruji. Lakini hata tukuwekee tairi la lori usimame juu yake: maji yanakupiga utosini, mkono umeshika koki ya chuma, na bomba la koki limefukiwa ardhini. Umeme unaingia juu, unapita kifuani, unatokea mkononi. Miguu haikuhusika.

"Mbona naoga hivyo miaka yote na sijafa?" Kwa sababu kinachovuja bado ni kidogo. Miliampia 30 zikipita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 24, mara 800 ya hizo. Kati ya kuwashwa vidole na kuanguka chini kuna ukorofi mdogo tu wa koili.

Kisha nasikia: "Si kuna breka?" Breka ya ampia 32 inalinda waya usiungue. Wewe haikujui.

Na Kagera tuna balaa letu la ziada, mwamba. Fimbo ya ethi inapigwa nyundo pembeni mwa nyumba, ikifika futi moja na nusu inagota. Fundi anachukua msumeno, anakata kipande kilichobaki, anafunika kwa saruji, anadai hela yake. Ukitazama kwa juu, huwezi kuitofautisha na fimbo nzima. Tuseme hata hukuibiwa, una fimbo yenye omu 20: hitilafu ikitokea, volti 230 zitasukuma ampia 11.5 kwenda ardhini, na breka ya 32 itakaa kimya. Wajanja wengine wanaunga ethi na nyutro humohumo ndani ya hita. Siku nyutro ikikatika nguzoni, koki, maji na aliye chini yake wote wanabeba umeme. Huyo fundi usimrudishe kwako hata kubadilisha balbu.

Basi fanya hivi. Hita ipate waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita 6 za mraba, si ule wa 1.5 wa taa. Dai RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, na swichi nje ya bafu inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Fimbo ipelekwe kibanjani, kwenye migomba, ambako udongo una kina na unyevu wa matandazo. Moja ikigota, zifungwe mbili tatu na kuunganishwa. Fundi awe na leseni ya EWURA na aje na kipimo cha ethi, si tesita ya mfukoni. Maji hayapati moto? Wati 5,500 zinapasha lita nne hivi kwa dakika kutoka nyuzi 20 hadi 40, kwa hiyo punguza koki. Hita haiwaki kabisa? Huenda tangi liko chini mno na maji hayana nguvu ya kuiwasha. Sola ya maji inafanya kazi hata kwenye mawingu, ila kwa masika yetu weka na koili ya akiba. Tangi la umeme likidondosha maji kwenye vali ya usalama, liache lidondoshe, usizibe. Hita ya ndoo, chomoa kwanza ndipo uguse maji. Wa visiwani wenye paneli ya taa na redio wasahau hita, wachemshe jikoni. Kitufe cha RCD kibonyezwe kila mwezi. Kisipokata umeme, nunua nyingine kabla ya kuoga.