Kupunguza Kalori, Kupunguza Kilo: Imani Zinazopaswa Kuhojiwa

Kalori ni kipimo cha nishati iliyomo katika chakula. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Mmarekani Wilbur Atwater alipima vyakula vingi na kukadiria kwamba gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta takriban kalori 9. Makadirio hayo ndiyo yanayotumika hadi leo kwenye pakiti za unga, maziwa na biskuti. Kanuni yenyewe ya nishati haina ubishi: mafuta ya mwilini hayapungui mpaka mwili utumie nishati nyingi kuliko ile inayoingia. Kinachohitaji kuhojiwa ni imani zilizojengwa juu ya kanuni hiyo, maana nyingi humchukulia mtu kana kwamba mwili wake haujibu kitu anapopunguziwa chakula.

Imani hizo zimeenea mjini na mashambani. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kwenye vituo vya soko kama Kiptere, husemwa kwamba anayetaka kukonda aache ugali wa jioni, anywe chai bila maziwa, atoke jasho zaidi, au ashinde na njaa. Suala lenyewe si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume asilimia 17.5.

Hesabu isiyozingatia muda

Imani ya kwanza ni ya hesabu. Mwaka 1958, daktari Mmarekani Max Wishnofsky alieleza kwamba ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500, yaani karibu kalori 7,700 kwa kilo. Hapo ikazaliwa kanuni nyepesi ya kugawanya: punguza kiasi fulani kila siku, na kilo zitaendelea kushuka kwa mwendo uleule siku zote.

Mfano ni sukari ya chai. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku na kutia vijiko viwili vidogo katika kila kikombe hupata humo kalori zipatazo 100. Kwa hesabu ya kale, akiacha sukari hiyo atapungua karibu kilo 4.7 kwa mwaka, na baada ya miaka kumi kilo 47. Hakuna anayepungua hivyo. Mwaka 2011, Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha hesabu nyingine inayozingatia mabadiliko ya mwili. Kwa makadirio yao, punguzo la kudumu la kalori 100 kwa siku humfikisha mtu mnene kwenye upungufu wa kilo 4 hivi kwa jumla. Nusu yake hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu zote zikamilike kufikia mwaka wa tatu. Baada ya hapo uzito husimama.

Uzito husimama kwa sababu zinazoeleweka. Mwili mdogo huhitaji nishati kidogo kuuendesha na kuubeba. Zaidi ya hapo, mwili unaopungua hubana matumizi yake, na njaa huongezeka. Homoni ya leptini, inayotengenezwa na mafuta ya mwilini na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Homoni ya ghrelini, inayoamsha hamu ya kula, hupanda. Kwa hiyo anayesimama kwenye mizani na kuona kilo zimegoma baada ya miezi kadhaa si lazima awe mvivu au mwongo. Amefika mahali ambapo chakula anachokula sasa kinatosha mwili alio nao sasa.

Njaa na majibu ya mwili

Ushahidi wa zamani kuhusu majibu hayo unatoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kuanzia mwaka 1944, mtafiti Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 wenye afya waliojitolea. Kwa miezi sita walipewa chakula cha kalori kama 1,600 kwa siku huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini pia wakawa wanyonge, wakahisi baridi, wakakosa furaha, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Waliporuhusiwa kula tena, mafuta ya mwilini yalirudi haraka kuliko misuli iliyopotea.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 14 waliopungua sana katika shindano la televisheni la Marekani. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilipokuwa imepumzika ilitumia kwa wastani kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hiyo haimaanishi kwamba mtu akijinyima sana mwili huacha kabisa kupungua, kama wengine wanavyodai. Vijana wa Minnesota waliendelea kukonda. Maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyojibana ndivyo mwili unavyobana naye, na mpango unaotegemea kuvumilia njaa peke yake huwa na adui wa kudumu.

Upande wa pili wa ukweli huu unahitaji kusemwa pia. Mwaka 1992, watafiti wa New York waliwapima watu walioamini kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 bila kupungua. Ilibainika kwamba kwa wastani walikuwa wakila karibu mara mbili ya walivyoripoti, na matumizi ya nishati ya miili yao yalikuwa ya kawaida. Hawakukusudia kudanganya. Kukadiria chakula ni kugumu, na ni kugumu zaidi mahali ambapo ugali humegwa kwenye sinia moja, mboga huungwa kwa mafuta yasiyopimwa, na mgeni hawezi kukataa kikombe cha chai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na hakionekani kwenye sahani.

Jasho la kazi

Imani nyingine husema kwamba anayefanya kazi ngumu anaweza kula apendavyo, kwa kuwa jasho litamaliza yote. Jibu zito limetoka Afrika Mashariki. Karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapa watu wazima 30 maji maalumu yenye aina nzito za hidrojeni na oksijeni, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa ili kujua nishati iliyotumika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa zaidi.

Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hufidia kwa kupunguza matumizi kwingine. Wanasayansi bado wanajadili ukubwa wa fidia hiyo. Lakini somo lake kwa mchumaji wa majani chai, anayepanda na kushuka mteremko akiwa na kikapu mgongoni, liko wazi: kazi yake hulinda moyo, misuli na sukari ya damu, ila si kibali cha kula bila mipaka. Mazoezi peke yake hupunguza kilo chache kuliko wengi wanavyotumaini. Husaidia zaidi kuzuia kilo zilizokwisha kuondoka zisirudi.

Ugali kizimbani

Ugali ndio hulaumiwa kuliko chakula chochote. Mwaka 2004, watafiti Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha vipimo vya chakula cha wanariadha kumi wa Kenya katika kambi ya mazoezi. Zaidi ya asilimia 76 ya nishati yao ilitokana na wanga. Ugali peke yake ulitoa zaidi ya moja ya tano ya nishati yote; ukijumlishwa na sukari ya kawaida, iliyotiwa kwa wingi kwenye chai, viwili hivyo pamoja vilikaribia asilimia 43. Watu hao walikuwa wembamba. Mfano wao hauruhusu anayekaa dukani kutwa ale kama wao, lakini unavunja dai kwamba wanga kwa asili yake hunenepesha.

Majaribio mapana yanaelekea huko huko. Mwaka 2018, Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilinganisha watu 609 kwa mwaka mzima, wengine wakipunguza wanga, wengine wakipunguza mafuta. Makundi hayo mawili yalipungua karibu sawa, na ndani ya kila kundi kulikuwa na tofauti kubwa baina ya mtu na mtu.

Jambo linaloonekana kuwa na uzito ni namna chakula kilivyotengenezwa. Mwaka 2019, Hall aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti na kuwapa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida, huku wakiachwa wale watakavyo. Kwa vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwa mizani ya Kiptere, maharagwe, githeri, managu na maziwa hushibisha kuliko soda na biskuti zenye kalori zilezile.

Chai ya kukondesha na mwendo wa kupungua

Eneo linaloishi kwa chai husikia sana kwamba chai ya kijani huyeyusha mafuta. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2012 yalikuta kwamba upungufu wa uzito uliotokana na chai ya kijani ulikuwa mdogo mno kuwa na maana kiafya. Chai isiyo na sukari ni kinywaji kizuri. Faida yake kwa uzito hutokana hasa na sukari ambayo haikutiwa.

Husemwa pia kwamba anayepungua haraka lazima anenepe tena, na anayekwenda polepole hudumu. Jaribio la Melbourne, Australia, la mwaka 2014 lilikuta kwamba makundi yote mawili yalirudisha sehemu kubwa ya uzito kwa kiwango kinachokaribiana. Nchini Uingereza, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopewa kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, karibu nusu yao hawakuwa tena na kisukari baada ya mwaka mmoja. Uangalizi huo ni wa lazima: anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu akijinyima ghafla anaweza kuanguka. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana mwanariadha hawafai kabisa kujaribu mambo hayo.

Lengo linalofikika

Faida za kiafya huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni chini ya kilo 6. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuanza mpango wowote ni kama chakula hicho kinaweza kuliwa mwaka ujao na ule unaofuata, pamoja na watu wa nyumbani. Kupunguza sukari na mafuta ya kupikia, kuongeza maharagwe na mboga, kuacha ugali mahali pake kwa kiasi kinachotosha, na kuendelea kutembea ni mabadiliko yanayoweza kukaa. Uzito utakaposimama, mabadiliko hayo yaendelee, kwa kuwa ndiyo yanayoushikilia pale ulipofika.