Fahamu: Jinsi sauti inavyoonyesha kile ambacho kamera inakificha

Bustani imechanua, watoto wanaogelea, mama mwenye nyumba anamtembeza mgeni kati ya maua. Ukiitazama The Zone of Interest bila sauti, utadhani ni filamu ya familia yenye raha zake. Ongeza sauti: nyuma ya ukuta kuna milio ya risasi, mayowe, na mngurumo usiokoma.

Nyumba hiyo ni ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya Auschwitz, ambako Wanazi waliua zaidi ya watu milioni 1, wengi wao Wayahudi.

Mwongozaji Jonathan Glazer hakutaka mateso yao yaigizwe. Alitega kamera ndani ya nyumba, akawaacha waigizaji peke yao, bila taa za kupamba sura zao. Tunawatazama kwa mbali, wala hatuvutwi kuwapenda. Kazi nzito ikabebwa na msanifu wa sauti, Johnnie Burn, aliyechambua ushuhuda wa walionusurika ili ajue nini kilisikika pale, na kutoka umbali gani. Tuzo ya Oscar ya sauti bora ya mwaka 2024 iliistahili kabisa filamu hii.

Kwa kuwa sauti ndiyo inayobeba uzito, filamu inaanza na giza tupu, muziki wa mtunzi Mica Levi ukivuma kwa muda mrefu: sikio linazoezwa kabla jicho halijapewa chochote.