Wembe wa kinyozi: Jinsi ya kunyolewa bila kurudi nyumbani na maradhi

MWENZAKO akinyolewa, zako tia maji. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu ajiandae kwa masaibu yaliyokwisha kumfika jirani. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi, ina ushauri wa kiafya ambao wengi wanaokwenda kwa kinyozi kila mwisho wa juma wameusahau. Nywele zilizolowa hulainika, wembe hupita bila kukwaruza, na ngozi isiyokwaruzwa haiwafungulii viini vya maradhi mlango.

Kinyozi yumo katika kila mtaa na kila soko nchini. Mashine moja yaweza kupita juu ya vichwa vya watu wengi kwa siku moja, wakiwemo watoto wa shule, wafanyakazi wa ofisini na wazee. Kila inapopita, huacha mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Swali ambalo mteja hana budi kujiuliza ni hili: mashine hiyo ilisafishwa vipi baada ya mteja aliyetangulia?

Maradhi yanayosambaa zaidi kwa njia hii ni choa, ambacho kikishika kichwani huitwa mapunye. Husababishwa na kuvu wanaokula sehemu ya juu ya ngozi, nywele na kucha. Kuvu hao hubaki kwenye vipande vya nywele vilivyokwama katika meno ya mashine, katika vichana, brashi na taulo. Mapunye huwapata zaidi watoto, lakini mtu mzima aweza kuambukizwa shingoni na hata kwenye ndevu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka pekee, kwa kuwa mafuta hayafiki kwenye mzizi wa unywele. Mgonjwa huhitaji dawa za kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya daktari.

Hatari kubwa zaidi

Hatari iliyo kubwa zaidi, ingawa haizungumzwi sana, ni homa ya ini aina ya B. Watu wengi wanapoona wembe uliotumika hufikiria Ukimwi peke yake. Ni kweli kwamba virusi vya Ukimwi vyaweza kuambukizwa kwa wembe wenye damu mbichi, lakini virusi hivyo hudhoofika upesi vikiwa nje ya mwili. Kirusi cha homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi. Chaweza kudumu nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka na ambalo jicho haliwezi kuliona.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi hayo sugu mwaka 2022, na watu takriban milioni 1.1 walifariki mwaka huo. Walio wengi kati ya watu wazima wanaoambukizwa hupona wenyewe. Wachache ambao mwili wao hushindwa kukifukuza kirusi hicho hukaa nacho kwa miaka mingi bila dalili yoyote, hadi ini linapoanza kusinyaa au kushikwa na saratani.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2001. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo utotoni, na wao ndio wanaojaza viti vya vinyozi hii leo. Mtu mzima aweza kupimwa damu, na akipatikana hana maradhi wala kinga, achanjwe mara tatu: chanjo ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Spiriti na sanduku la taa

Vinyozi wengi hupangusa mashine kwa spiriti kisha wakaendelea na kazi. Spiriti ni dawa nzuri, hasa yenye nguvu ya asilimia 70, kwani maji yaliyochanganywa humo huisaidia kupenya na kuua viini. Kasoro ni kwamba haipewi muda. Kupangusa mara moja juu ya meno yaliyojaa nywele na mafuta hakutoshi. Ni sharti nywele ziondolewe kwanza kwa brashi, meno yasafishwe, ndipo spiriti itiwe hadi chuma kilowe kabisa na kuachwa kikauke chenyewe.

Lile sanduku lenye taa ya samawati linalopamba vibanda vingi nalo huwapa wateja matumaini kupita kiasi. Mwanga wa aina hiyo, ukiwa ni wa kweli na taa haijachakaa, huua tu viini unavyoviangazia moja kwa moja. Hauwezi kupenya nywele, uchafu wala kivuli kilicho kati ya meno ya mashine. Kifaa kichafu kikiingizwa humo, hutoka kikiwa bado kichafu.

Vichana na vifaa vingine vya plastiki vyaweza kuoshwa kwa sabuni, kisha vikalowekwa kwa dakika 10 katika jiki, yaani dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Ikiwa dawa hiyo ina nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja huchanganywa na vipimo sita vya maji. Baadaye vifaa vioshwe kwa maji safi.

Wembe hauna mjadala. Kila mteja apate mpya, na ufunguliwe mbele ya macho yake.

Aidha, ile desturi ya kumpaka mteja spiriti kichwani baada ya kumnyoa haiwezi kufuta kosa lililokwisha kutendeka. Kirusi kilichoingia kwenye damu hakitolewi kwa kupangusa ngozi.

Vipele vya ndevu na kisogo

Si kila kipele kinachotokea baada ya kunyoa ni ambukizo. Kwa watu wengi wenye nywele za kipilipili, unywele uliokatwa huwa na ncha kali, nao hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwili huuona kama mwiba, na eneo hilo huvimba na kuwasha. Wembe unaokata chini kabisa, hasa ngozi ikivutwa, huzidisha tatizo kwa kuwa ncha hubaki chini ya ngozi na kuitoboa kutoka ndani.

Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa muda wa wiki nne hivi ili vipele vitulie. Baada ya hapo, ndevu zilowekwe kwa maji ya moto kiasi, zipakwe povu la kunyolea, na zikatwe kwa kufuata zinakoelekea bila kuvuta ngozi. Wengine hufaidika zaidi wakitumia mashine inayoacha ndevu fupi badala ya wembe.

Vipele vya kisogoni vinahitaji uangalifu zaidi. Vikipuuzwa, na kisogo kikaendelea kukwanguliwa kwa wembe, vyaweza kugeuka makovu magumu yaliyotuna, na nywele zisiote tena mahali hapo. Visitumbuliwe. Anayeviona vikianza amwone daktari wa ngozi mapema, maana tiba huwa rahisi wakati huo.

Mteja afanye nini?

Njia salama zaidi ni mtu kuwa na wembe, kichana na taulo yake mwenyewe, na akiweza, mashine pia. Asiye na uwezo huo ana haki ya kumwomba kinyozi kwa upole asafishe mashine akitazama. Kinyozi anayeithamini kazi yake hatakasirika. Kufanya hivyo humkinga yeye pia, kwa kuwa vidole vyake hukatwa na wembe uo huo. Wanawake wanaotengenezwa kucha nao wazingatie hayo hayo, kwani vifaa vya kukatia ngozi ya kucha hutoa damu vilevile.

Iwapo mtu amekatwa kwa kifaa kinachoshukiwa kuwa na damu ya mwingine, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua. Kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini nayo hufanya kazi vyema zaidi ikitolewa ndani ya saa 24. Anayengoja hadi dalili zijitokeze huwa amechelewa.