Greensburg: Mji wa wakulima uliofutwa na upepo, ukaamua kurudi

Jioni ya Ijumaa, Mei 4, 2007, mji wa Greensburg katika jimbo la Kansas, Marekani, ulikuwa na kila kitu ambacho mji mdogo wa wakulima unakihitaji: shule, hospitali, makanisa, mahakama ya kaunti na wakala wa matrekta. Kesho yake asubuhi, karibu asilimia 95 ya mji huo ilikuwa kifusi.

Miji midogo mingi ingeishia hapo. Greensburg haukuishia hapo, lakini pia haukurudi kama ulivyokuwa. Hii hapa habari yake kwa ufupi.

Ni mji gani huu?

Greensburg uko kusini mwa Kansas, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka Wichita ukielekea magharibi. Ni makao makuu ya kaunti ya Kiowa. Ukitoka nje ya mji unakutana na tambarare: mashamba ya ngano, mtama, malisho ya ng'ombe na upepo usiokatika.

Jina lake lina neno la Kiingereza lenye maana ya kijani, lakini asili yake ni mtu, D. R. Green, aliyekuwa akiendesha magari ya farasi ya kubeba abiria karne ya 19.

Kwa miaka mingi sifa kubwa ya mji ilikuwa kisima. Kilichimbwa kwa mikono mwaka 1887 hadi 1888, kina cha mita 33 na upana wa karibu mita 10. Wageni walikuwa wanasimama njiani kushuka ngazi na kukiangalia, kisha wanaendelea na safari.

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu wakazi 1,574. Idadi ilikuwa inashuka tayari. Kilimo cha mashine kubwa hakihitaji mikono mingi: shamba lililokuwa likilisha familia kadhaa sasa linalimwa na familia moja yenye trekta na mashine ya kuvunia. Vijana wakimaliza sekondari wanakwenda chuo mjini, na wengi ndiyo wameondoka hivyo.

Nini kilitokea usiku ule?

Tornado ni upepo unaozunguka kwa kasi kama mrija, kutoka kwenye wingu la mvua ya radi hadi ardhini. Haufanani na vimbunga vya baharini tulivyozoea kuvisikia, ambavyo hufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika nchi kavu. Tornado hutoa onyo la dakika tu.

Greensburg walipata kama dakika 20. Ving'ora vililia, watu wakakimbilia vyumba vya chini ya nyumba, ambavyo ni vya kawaida Kansas kwa sababu hiyo hiyo. Ilipofika kama saa 3:45 usiku, tornado yenye upana wa kilomita 2.7 ilipita. Mji wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko upepo ule.

Kasi yake ilikadiriwa kufikia kilomita 330 kwa saa. Ilikuwa ya kwanza kupewa daraja la EF5, la juu kabisa, tangu kipimo kipya kianze kutumika Marekani Februari mwaka huo huo.

Watu wasiopungua 11 walipoteza maisha. Ukiangalia picha za asubuhi yake, unaweza kushangaa kwamba hawakuwa mamia. Ving'ora na vyumba vya chini vilifanya kazi yake.

Vilivyobaki vimesimama vilikuwa vichache sana. Kati ya hivyo ni jengo la mahakama na ghala refu la nafaka pembeni ya reli.

Kwa nini wasihame tu?

Swali hili waliulizana wao wenyewe. Nyumba hakuna, shule hakuna, hospitali hakuna. Mtu mwenye bima anaweza kuchukua hela yake na kununua nyumba mji jirani. Kwa nini ujenge upya sehemu ambayo hata kabla ya janga ilikuwa inapungua watu?

Lakini mashamba hayahami. Ngano ya Kansas huvunwa kuanzia Juni, yaani wiki chache tu baada ya janga. Mkulima ambaye nyumba yake imekwenda bado alikuwa na shamba la kuangalia, na alihitaji mahali pa kupeleka nafaka, kutengeneza trekta, kusomesha watoto na kutibiwa. Mji ukifa, kila kimoja cha hivyo kinahamia mbali.

Basi wakakutana chini ya mahema na kujadiliana. Wengi waliishi kwa muda kwenye nyumba za magurudumu zilizoletwa na serikali kuu. Na hapo kikafanyika kitu kimoja muhimu: shule ilifunguliwa Agosti ile ile, kwenye madarasa ya muda. Kwa mzazi anayefikiria abaki au aondoke, huo ulikuwa ujumbe mzito kuliko hotuba yoyote.

Wakajenga mji wa aina gani?

Hapa ndipo Greensburg ulipojulikana duniani. Halmashauri ya mji iliamua kwamba kila jengo lake jipya linalozidi mita za mraba 370 hivi lifikie LEED Platinum, ngazi ya juu kabisa katika mfumo wa Marekani wa kupima majengo yanayobana umeme na maji. Ulikuwa mji wa kwanza nchini humo kujiwekea sharti hilo.

Kwa mkulima wa Kansas, ambaye kwa kawaida si mtu wa kampeni za mazingira, hoja iliyoeleweka ilikuwa ya mfukoni. Jengo lenye kuta nene, madirisha yanayoelekezwa kufuata jua na paa linalovuna maji ya mvua linapunguza bili. Babu zao waliotangulia kwenye tambarare hizi waliishi hivyo hivyo, bila kupoteza kitu.

Mji ulipata ukumbi mpya wa halmashauri, hospitali mpya na shule mpya. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Kansas walijenga kituo cha sanaa kinachoitwa 5.4.7, yaani tarehe ya janga kama Wamarekani wanavyoiandika. Taa za barabarani zote zikawa za LED. Nje ya mji ikasimamishwa mitambo 10 ya upepo yenye uwezo wa megawati 12.5, nyingi kuliko mahitaji ya mji. Upepo uleule uliowafuta ndio unaowawashia taa.

Hela zilitoka sehemu nyingi: bima, serikali kuu, jimbo, mikopo na wafadhili. Tusijidanganye, mji wa watu wachache hivi usingeweza peke yake.

Maisha ya jamii yalirudi vipi?

Mji mdogo unaishi kwa sehemu za kukutania. Ukiwa na shule, una mechi, na watu wa mashamba ya mbali wana sababu ya kuja mjini. Ukiwa na kanisa, una chakula cha pamoja na habari za nani anaumwa.

Greensburg walilijua hilo. Walijenga jengo la kulea biashara ndogo, ili mwenye duka au ofisi asiyeweza kujenga apate pa kuanzia. Maktaba, makumbusho ya kaunti na ofisi ya ushauri wa kilimo viliwekwa pamoja, kwa hiyo mkulima aliyekuja kuulizia ngano anapishana mlangoni na mtoto aliyekuja kuazima kitabu. Kisima nacho kikajengewa makumbusho mapya, yaliyofunguliwa 2012.

Na Mei 4, 2008, mwaka mmoja kamili baada ya janga, Rais George W. Bush alihutubia mahafali ya shule ya sekondari ya mji huo.

Sasa, watu walirudi?

Nusu tu, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya habari hii. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 777. Ya 2020 ikahesabu 740. Shule moja kubwa ya msingi Dar es Salaam inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko mji huu mzima.

Sababu si siri. Wengi walikuwa wazee waliokuwa na nyumba za zamani za bei ndogo. Fidia ya bima ya nyumba ya zamani haitoshi kujenga mpya. Waliokuwa wapangaji hawakuwa na nyumba ya kurudia. Na mzee wa miaka 75 akishahamia kwa mtoto wake mji mwingine, ni nadra arudi kuanza msingi.

Pia majengo mazuri hayaleti ajira yenyewe. Mashine bado zinalima, vijana bado wanaondoka.

Ukipima kwa idadi ya watu, mtu anaweza kusema mpango umeshindwa. Ila linganisha na ambacho kingetokea bila uamuzi ule: wakulima wa Kiowa wangekuwa wanaendesha kwenda kaunti nyingine kwa ajili ya sindano ya mtoto. Leo hospitali ipo, shule ipo, na nafaka ina pa kupelekwa.

Mara nyingi baada ya mafuriko au moto tunauliza majengo yatarudi lini. Greensburg inatukumbusha swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: nani ataweza kumudu kurudi kuishi humo?