Msemaji wa Kireno na Msamiati wa Juu wa Kiingereza

Wengi hudhani kwamba ajifunzaye lugha ya kigeni huanza kwa maneno mepesi ya kila siku, kisha hupanda daraja kwa daraja hata akayafikia maneno mazito ya wanazuoni. Kwa msemaji wa Kireno ajifunzaye Kiingereza, awe mtu wa Ureno, Brazili, Angola au Msumbiji, ngazi hiyo imepinduliwa. Maneno ya wanazuoni humjia kwa urahisi. Yale ya jikoni na barabarani ndiyo yamshindayo. Jambo hili lina asili yake katika historia, na mwalimu asiyelifahamu aweza kumpima mwanafunzi wake kwa kipimo kisicho cha haki.

Kireno ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi. Lakini Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala barazani kwa mfalme na mahakamani kwa muda mrefu, na baadaye wanazuoni wakachota maneno mengi katika Kilatini chenyewe. Kwa hiyo 'nação' na 'nation', 'liberdade' na 'liberty', 'tolerar' na 'tolerate' ni maneno ya shina moja. Atambuaye kwamba '-ção' ya Kireno aghalabu hulingana na '-tion', na '-dade' na '-ty', amekwisha kupata maneno mengi kabla ya kufungua kamusi.

Hata hivyo urithi huo una mitego yake. Kwa Kireno 'pretender' ni kukusudia, bali 'pretend' ya Kiingereza ni kujifanya. Basi mtu aandikaye barua ya kuomba kazi, akitaka kusema kuwa akusudia kufanya bidii, aweza kuandika kuwa atajifanya ana bidii. 'Livraria' ni duka la vitabu, lakini 'library' ni maktaba. 'Puxar', ambalo mwanzo wake husikika kama 'push', maana yake ni kuvuta. Huko Ureno 'constipado' ni mtu mwenye mafua. Mgonjwa akimwambia daktari Mwingereza kwamba yu 'constipated', daktari atafahamu kuwa amefunga choo, na huenda akampa dawa ya kuendesha. Kiswahili nacho ni shahidi wa jinsi maneno yahamavyo maana: 'gereza' latokana na 'igreja', ambalo kwa Wareno ni kanisa.

Taabu kubwa zaidi imo katika vitenzi vifupi vifuatwavyo na maneno madogo. 'Put off' ni kuahirisha, 'put out' ni kuzima, 'put up with' ni kuvumilia. Kireno huyaeleza mambo hayo kwa kitenzi kimoja kila jambo: 'adiar', 'apagar', 'suportar', hakina desturi ya kuvunja maana namna hiyo. Mgeni ajifunzaye Kiswahili huonja taabu ya jinsi hii, kwani ajuaye maana ya 'piga' peke yake hawezi kukisia maana ya kupiga pasi, kupiga mbizi wala kupiga chapa. Msemaji wa Kireno hukwepa kwa kutumia 'tolerate' na 'extinguish', naye hueleweka, ingawa maneno yake husikika kama hati ya serikali. Hasara yake huonekana katika kusikia: asiyejua 'put off' aweza kwenda kuketi peke yake katika mkutano ulioahirishwa.

Nahau zataka uangalifu wa namna nyingine. Mara nyingi lugha hizi mbili hukubaliana katika wazo zikaachana katika sura. Kitu ghali kwa Kireno hugharimu macho ya usoni. Kwa Kiingereza hugharimu mkono na mguu. Afaye, kwa Kireno hugonganisha mabuti. Kwa Kiingereza huipiga ndoo teke. Lakini kujua sura hakutoshi. Nahau hizo mbili za kifo ni za mzaha, na azitamkaye mbele ya wafiwa huwaumiza hata kama sarufi yake haina dosari.

Mfano mashuhuri wa kufasiri sura na kuacha maana ni kitabu cha mazungumzo ya Kireno na Kiingereza cha Pedro Carolino, kilichopigwa chapa Paris mwaka 1855. Nahau ya Kifaransa yenye maana ya kungoja sana iligeuka humo ikawa habari ya kutafuna kima. Mwaka 1883 kitabu hicho kilitolewa tena kwa ajili ya kuchekesha watu, na Mark Twain akakiandikia utangulizi huko Marekani.

Yafaa basi mwanafunzi wa namna hii asiongezewe orodha za maneno marefu, kwa kuwa mengi anayo tayari. Kila neno lifananalo na la kwao alihakikishe katika sentensi nzima. Kila kitenzi kifupi akiandike pamoja na maneno yaandamanayo nacho. Na kila nahau aiandikie ni nani huisema, kwa nani, na wakati gani. Mwalimu naye, anapopima kiwango cha mwanafunzi huyo, amwulize 'put up with' kabla ya 'tolerate'.