Hodi isiyosubiri karibu



Miezi michache iliyopita nilikwenda kumpelekea Komunyo bibi mmoja mgonjwa wa parokia yetu. Alikuwa hawezi tena kusimama. Nilipofika aliniomba niketi kwanza kwenye kigoda kando ya kitanda, kwa kuwa alikuwa na jambo la kunieleza kuhusu mwanawe wa kwanza. Hayakuwa maungamo, yalikuwa mazungumzo ya mama na padre wake. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alipokaribia mahali ambapo nadhani ndipo palipokuwa na uzito wa habari yake, saa niliyovaa mkononi ikatetemeka. Nikaitazama. Ilikuwa ikinikumbusha kwamba nimekaa muda mrefu, nisimame nijinyooshe.

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, “Baba Padre, kama una haraka nenda tu. Tutamalizia siku nyingine.” Nikamwambia sina haraka, aendelee. Akatabasamu, akasema yamekwisha, nimpe Komunyo. Nilirudi kwake mara mbili baada ya hapo, tukaongea mengi, lakini habari ya mwanawe hakuirudia. Mwezi uliofuata tulimzika. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Ile saa janja nilipewa zawadi, nikaivaa kwa furaha kwa sababu daktari alikuwa amenishauri nipunguze kukaa. Nilimsimulia mkasa huu kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye hubuni programu za simu katika kampuni moja. Akaniambia, “Baba, saa haijui kama uko kwa mgonjwa au uko sebuleni. Lakini kuna mtu aliketi mezani akaamua itetemeke lini, kwa nguvu gani na kwa maneno gani. Hiyo ndiyo kazi yangu.”

Ndugu msomaji, ujumbe huo mfupi unaochomoza kwenye kioo cha simu huitwa arifa. Kijana alinieleza unavyofika. Mwaka 2009 Apple iliwafungulia watengenezaji wa programu za iPhone njia ya kukufikia hata kama hukufungua programu yao. Kampuni hutuma ujumbe kwenye kompyuta za Apple, nazo huusukuma mpaka kwenye simu yako. Simu za Android nazo zilipata njia kama hiyo kutoka Google mwaka uliofuata. Kisha zikaja saa janja. Apple Watch, iliyoingia sokoni mwaka 2015, hukugonga taratibu kwenye kifundo cha mkono, kama mtu aliyesimama nyuma yako akikugusa. Arifa ilitoka mfukoni ikahamia kwenye ngozi.

Mbunifu wa arifa huamua mambo mengi ambayo sisi hatuyaoni. Itoe sauti au itetemeke tu? Iwashe kioo usiku? Iache kidoti chekundu chenye namba, ambacho hakiondoki mpaka ukifungue? Na maamuzi hayo si madogo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu anayefanya kazi inayohitaji umakini huanza kukosea zaidi anapopata arifa, hata kama hakuigusa simu wala kuitazama. Kuitwa tu kunatosha kuuchukua moyo. Yule bibi aliliona hilo usoni mwangu kabla sijaliona mwenyewe.

Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunajua adabu ya kumwendea mtu. Unafika mlangoni, unapiga hodi, unasubiri karibu. Usipojibiwa unarudia, na baada ya mara ya tatu unaondoka. Huchungulii dirishani. Huingii jikoni. Hodi inakiri kwamba nyumba ni ya mwenyewe, na kwamba ana haki ya kutoitika. Katika kitabu cha Ufunuo Bwana wetu mwenyewe anajieleza kuwa amesimama mlangoni anabisha, akingoja mtu asikie sauti yake na kufungua. Yeye mwenye funguo zote hauvunji mlango.

Nilimuuliza yule kijana kama arifa zake zinapiga hodi namna hiyo. Akakaa kimya, kisha akanieleza kilichokuwa kikimsumbua. Programu anayoitengeneza ni ya mikopo midogo. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba arifa inayosema kuna fedha zinakusubiri hufunguliwa zaidi ikitumwa katikati ya mwezi, mshahara ukiwa umekwisha, saa za usiku watoto wakiwa wamelala na mzazi anahesabu madeni peke yake. Ndiyo saa waliyoichagua. “Baba,” akasema, “shangazi yangu anayo hiyo programu. Amekopa mara tatu. Arifa aliyoipokea niliiandika mimi.”

Katika sala aliyotufundisha Bwana tunaomba kila siku tusitiwe majaribuni. Ni vigumu kuiomba sala hiyo asubuhi, halafu mchana ukapanga saa ambayo jirani yako atakuwa dhaifu zaidi ili umgongee mlango. Sikumwambia aache kazi; ana mke na mtoto, na kazi hazipatikani hivi hivi. Nilimwomba tu arudi ofisini na maswali matatu ya hodi. La kwanza: anayehitaji ujumbe huu ni yeye au ni sisi? La pili: lazima aupate sasa hivi, au unaweza kumngoja? La tatu: asipoitika, tunaondoka?

Maswali haya si ya padre tu. Wakubwa wa teknolojia wenyewe wamelazimika kuyafikiri. Mwaka 2013 Tristan Harris, akiwa mfanyakazi wa Google, aliwaandalia wenzake waraka wa kuwasihi wapunguze kuwavuruga watu na waheshimu umakini wao. Mwaka 2017 Android ilianza kuzitaka programu zigawe arifa zao kwa mafungu, ili mwenye simu aweze kunyamazisha matangazo bila kunyamazisha mambo ya lazima. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu mpya lazima ikuombe ruhusa kabla ya kukutumia arifa. Kwa upande wa iPhone, arifa ya dharura inayoweza kulia hata simu ikiwa imenyamazishwa haipatikani kwa kila mtengenezaji. Lazima Apple impe kibali maalumu. Kwa hiyo hodi inaweza kubuniwa. Ni suala la kutaka.

Kanisa nalo limekuwa likibuni arifa kwa karne nyingi. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia asubuhi, adhuhuri na jioni. Mara tatu kwa siku, kwa watu wote, kwa maana inayojulikana, kisha inanyamaza. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliagiza katika Kanuni yake kwamba mmonaki akisikia ishara ya saa ya sala aache mara moja alichoshika mkononi. Wana wake wa Ndanda na Peramiho wanaishi kwa Kanuni hiyo mpaka leo. Unaweza kusema hata kengele inakatiza kazi. Ni kweli. Lakini inamkatiza mtu ili imrudishe kwa Mungu na kwa wenzake, wala haipati faida yoyote kwa kumfanya aisikilize tena baada ya dakika tano.

Tumkumbuke kijana Samweli. Alikuwa amelala hekaluni aliposikia akiitwa, akakimbia kwa mzee Eli. Mara tatu alikimbia, mara tatu alikosea. Hakukosa utii, alikosa kuitambua sauti. Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, ndiye aliyetambua anayeita ni nani, akamfundisha namna ya kujibu. Mungu alirudia kumwita Samweli kwa sababu alikuwa na neno zito la kumwambia. Sisi tunakimbia mara nyingi zaidi ya Samweli kwa siku moja, na tukifika tunakuta aliyetuita hana neno. Anayechoka kwa kukimbilia kila sauti hatakuwa na nguvu ya kuamka itakapokuja ile moja ya kweli.

Sisemi tutupe simu. Mimi mwenyewe siwezi kuizima usiku, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuhitaji Mpako saa nane za usiku. Nilichofanya, kwa msaada wa yule kijana, ni kuruhusu usiku simu za katekista na wenyeviti wa jumuiya tu. Mengine yote yanasubiri asubuhi. Saa janja inahesabu hatua zangu bado, lakini nikienda kwa mgonjwa naivua, naiweka mfukoni ikiwa imezimwa. Kigoda kile kimenifundisha.

Tujitazame pia sisi wenyewe, maana si kampuni tu zinazobisha bila adabu. Makundi yetu ya WhatsApp ya parokia, ya kwaya na ya jumuiya huamka saa kumi na moja alfajiri kwa picha za maua na jumbe tulizosambaza bila kuzisoma. Mimi paroko wenu nimewahi kutuma kikumbusho kimoja cha michango mara nne kwa wiki. Wachache walilipa, wengi, nasikia, walinyamazisha kundi, na tangazo la msiba lilipokuja hawakuliona. Nawaomba radhi. Tangu mwezi huu tangazo la michango litatoka mara moja, siku ya Jumamosi, na atakayetaka kuuliza anajua ofisi ilipo.

Yule kijana alirudi ofisini na maswali yake. Mkubwa wake hakuyafurahia, akamtaka alete takwimu. Baada ya majadiliano marefu walikubaliana kufuta arifa ya usiku; ya mchana imebaki. Aliponiletea habari hiyo alikuwa kama mtu anayeona aibu, akisema ni kidogo. Nilimwambia nyumba nyingi sasa zinalala bila kugongewa, na hilo si dogo. Shangazi yake amemsaidia kuifuta kabisa ile programu.

Wiki hii, ndugu msomaji, chagua mtu mmoja nyumbani kwako ambaye huongea polepole. Mzee, mtoto, mgonjwa. Weka simu chumba kingine, vua saa, kaa naye mpaka amalize. Huenda ana jambo la mwanawe wa kwanza.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.