Mbuzi wa Krismasi na Jirani Yetu Mwislamu

Somo: Matendo ya Mitume 15:13–29

 

Siku za Krismasi zimekaribia. Hapa Kajiado kila mtu ajua dalili zake. Barabara ya Namanga hujaa magari ya watu waendao makwao, bei ya mbuzi hupanda sokoni, na tarehe 25, ibada ikiisha, moshi wa makaa hupanda kutoka ua baada ya ua. Krismasi kwetu ni kuchoma nyama. Asiyeweza kununua mbuzi mzima hununua kilo moja, ili watoto wake wasikae wakinusa moshi wa jirani.

Leo nataka tuseme juu ya nyama hiyo, na juu ya jirani yako Mwislamu.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikikaa Kitengela, ukuta mmoja tu ulitutenga na jamaa ya Kiislamu. Walikuwa watu wema. Siku ya Idd watoto wao walituletea sinia ya pilau, imefunikwa vizuri kwa kitambaa, na mke wangu hakurudisha sinia ile tupu. Basi Krismasi ilipofika nikasema, "Mwaka huu zamu ni yetu." Nikawaalika wote, baba, mama na watoto wanne. Alfajiri vijana wa kanisa wakaja kunisaidia, wakachinja mbuzi wawili nyuma ya nyumba, na baada ya ibada nyama ikawekwa juu ya makaa.

Jamaa ile ikaja, wamevaa nguo zao nzuri. Wakaketi, wakanywa soda. Nyama ilipokatwa ubaoni, yule mzee akasema kwa upole, "Pasta, sisi tumeshiba. Chai yatosha." Nikadhani ni adabu tu, nikamsogezea sahani tena. Mtoto wao mdogo akanyosha mkono. Mama yake akaushika mkono ule polepole, akaurudisha. Hapo ndipo nilipofahamu. Nilikuwa nimewaita watu mezani, na mezani hapakuwa na kitu wanachoweza kula. Mimi niliyesoma chuo cha theolojia, niliyeweza kueleza habari za Baraza la Nikea la mwaka 325, sikuwahi kumwuliza jirani yangu swali moja jepesi: "Mzee, mbuzi wetu tumchinje vipi?"

Wengi wetu twajua kwamba Mwislamu hali nguruwe wala hanywi pombe, nasi hudhani habari imekwisha hapo. Haijaisha. Kwake yeye mnyama lazima awe hai na mzima. Kisu kiwe kikali. Jina la Mungu litajwe. Koo likatwe, na damu imwagike. Mnyama aliyekufa pasipo kuchinjwa hivyo huitwa kibudu, na kibudu hakiliwi. Qurani, katika Sura ya tano, inaruhusu chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na wako wanazuoni wanaosema kwamba nyama iliyochinjwa na Mkristo kwa kanuni yaweza kuliwa. Lakini Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huona ni salama zaidi achinje Mwislamu, maana hawajui wengine walichinjaje. Ndiyo sababu katika machinjio mengi ya Kenya, tangu zamani, kazi ya kisu imeachiwa Waislamu, ili nyama ile ile iweze kununuliwa na watu wote.

Tena hapa kwetu liko jambo la pili. Kwa desturi ya Kimaasai, mbuzi au kondoo mara nyingi hakatwi koo. Huzibwa pumzi mpaka afe, ili damu isipotee mchangani bali inywewe. Sisemi hayo kwa dharau. Ilikuwa hekima ya wafugaji wasiotaka kutupa chakula. Lakini nyama hiyo, hata ikichomwa vizuri namna gani, Mwislamu hawezi kuigusa. Basi Mkristo Mmaasai akimwalika Mwislamu kwa moyo mweupe, huenda akamkaribisha kwenye chakula ambacho kwa mgeni ni kibudu, wala asijue.

Sasa tusikilize Neno la Mungu. Yapata mwaka 49 mitume na wazee walikutana Yerusalemu. Watu wa Mataifa walikuwa wameingia kanisani kwa wingi, na wengine walitaka watahiriwe na kushika torati yote. Baada ya mashindano mengi, Yakobo alitoa shauri: watu hao wasitaabishwe. Wokovu ni kwa neema. Lakini wakaombwa mambo manne: wajiepushe na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, na uasherati, na nyama iliyosongolewa, na damu.

Mmesikia? Nyama iliyosongolewa, na damu. Wengi wetu tumeisoma sura hii mara kumi na kuipita, kana kwamba ilikuwa habari ya watu wa kale tu. Lakini katika aya ya 21 Yakobo mwenyewe anaongeza kwamba katika kila mji wako watu wanaosikia torati ya Musa ikisomwa kila sabato. Maana yake nini? Wafasiri wengi huona kwamba alikuwa akifikiri juu ya meza. Mkristo Myahudi na Mkristo wa Mataifa wangewezaje kula pamoja, ikiwa chakula cha mmoja kilimtia mwenziwe kichefuchefu rohoni? Mitume hawakusema kwamba nyama iliyosongolewa itamtupa mtu jehanamu. Waliwaomba wenye uhuru waache sehemu ndogo ya uhuru wao, ili meza iwe moja.

Ni kweli, barua ile haikuandikwa kwa habari ya Waislamu. Uislamu ulikuwa bado kuja kwa zaidi ya miaka 500. Jirani aliyekusudiwa alikuwa ndugu katika Kristo, na jirani yetu wa leo ni mtu wa dini nyingine. Hata hivyo kanuni ya upendo ni ile ile. Ikiwa mitume walilijali koo la mbuzi kwa ajili ya amani ya meza, sisi ni nani tuone jambo hili ni dogo?

Najua wako wanaosikia maneno haya na kukunja uso. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia waziwazi, "Mchungaji, nyama iliyochinjwa na Mwislamu ni kama iliyotolewa kwa sanamu. Kumpa kisu Siku ya Krismasi ni kumkana Yesu." Nilimwuliza, "Mzee, nyama unayonunua buchani kila Jumamosi, nani aliichinja?" Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Alikuwa akiila mwaka mzima.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 10, awaambia waamini wale kila kinachouzwa sokoni pasipo kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri, kwa sababu dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Mwislamu haabudu sanamu; yeye mwenyewe huchukia sanamu kuliko wengi wetu. Tunatofautiana naye sana juu ya jinsi Mungu alivyojidhihirisha, na tofauti hiyo sitaificha. Lakini mbuzi hakuwa sadaka ya miungu kwa sababu mkono wa Mwislamu ulishika kisu.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili. Upendo hautolewi kwa nguvu. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuza uliwaka kati ya Wakristo na Waislamu, na mchungaji mmoja aliuawa. Mtu aliuawa kwa sababu ya kisu cha bucha! Mkristo anayo haki ya kuchinja mbuzi wake nyumbani kwake, wala mtu asimlazimishe kufanya vinginevyo. Ninachosema mimi ni juu ya mtu anayeweka haki yake chini kwa hiari, siku moja, kwa ajili ya mgeni wake. Kisu kikinyang'anywa huleta vita. Kisu kikitolewa kwa mkono wa hiari huleta amani.

Basi tufanyeje? Nitasema mambo machache, ili usifanye kosa nililofanya mimi.

Kwanza, uliza mapema. Nenda kwa jirani kabla ya sikukuu, umwambie, "Tungependa mje mle nasi." Wako Waislamu ambao dhamiri yao haiwaruhusu kuhudhuria Krismasi, kwa kuwa ni ibada yetu. Akikataa, usikasirike wala usimbembeleze. Mwalike tarehe 27, au siku nyingine isiyo na jina. Nyama ni ile ile.

Pili, akikubali, mwombe achinje yeye, au mtu anayemwamini. Mpe mbuzi aliye mzima, si yule mgonjwa uliyekuwa ukitafuta njia ya kumwondoa zizini. Na ikiwa ndugu zako wa Kimaasai wanataka wao mbuzi wao kwa desturi yao, basi wawe mbuzi wawili, na majiko mawili, na kila mtu aambiwe wazi nyama ipi ni ipi. Usimfiche mgeni. Aliyedanganywa juu ya chakula hataamini tena hata Injili yako.

Tatu, angalia vyombo. Wavu uliochomea soseji za nguruwe usiuweke chini ya nyama yake. Visu, mbao na sufuria vioshwe vizuri. Usinyunyizie nyama bia, na pombe isiwepo kabisa. Kwa wengi wetu hilo halipaswi kuwa jambo geni.

Nne, tazama kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 ziliangukia ndani ya mfungo, na zile za 2031 na 2032 zinatarajiwa kuwa hivyo tena. Wakati kama huo usimwite jirani saa saba mchana. Mngoje jua lizame, mfuturishe, na sahani yako itabarikiwa mara mbili.

Labda mtu atauliza, "Je, hivyo hatumfichi Kristo?" Hapana. Kabla ya kula, omba kama unavyoomba siku zote, kwa jina la Yesu, kwa maneno machache. Usiigeuze sala ya chakula kuwa mahubiri ya kumrushia mgeni, naye amekaa kwako na hawezi kuondoka. Akiuliza Krismasi ni nini, mjibu. Huenda ukashangaa jinsi anavyojua. Katika Qurani iko Sura nzima iitwayo Mariamu, na humo yasimuliwa jinsi alivyomzaa Isa chini ya mtende. Mwislamu humheshimu Isa kama nabii. Hatasema kwamba yeye ni Mwana wa Mungu, nasi hatutaacha kusema hivyo. Tukiwa wakweli tunaweza kutofautiana hapo na bado kupitishiana chumvi.

Wala wema hautoki upande mmoja tu. Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi lilishambuliwa karibu na El Wak katika kaunti ya Mandera. Wauaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja tu nyuma, katika kaunti hiyo hiyo, abiria 28 wa basi jingine walikuwa wamechaguliwa namna hiyo na kuuawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike, na watu wakakaa pamoja. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafa Januari 2016. Wako Wakristo waliokula Krismasi mwaka ule nyumbani kwao kwa sababu Waislamu hawakukubali kutengwa nao. Nasi tunaona ni taabu kungoja jirani aje na kisu?

Nimalizie habari yangu. Baada ya siku ile nilikwenda kwa jirani kuomba radhi. Alicheka, akanishika mkono, akasema, "Pasta, ulitupa kiti. Wengi hawatupi hata kiti." Mwaka uliofuata, asubuhi ya Krismasi, kabla jua halijachomoza, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa ametoka kusali alfajiri, amekunja mikono ya kanzu, na kisu chake amekifunga katika gazeti. "Yuko wapi mbuzi?" akauliza.

Mchana ule tuliketi sote uani. Nyama ilipokatwa ubaoni, yule mtoto mdogo akanyosha mkono. Safari hii mama yake hakuushika.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Mwanao alipozaliwa Bethlehemu hapakuwa na nafasi nyumbani mwa wageni. Utupe mioyo yenye nafasi. Utufundishe kuuliza kabla ya kupika, na kusikiliza kabla ya kusema. Uwabariki jirani zetu Waislamu na watoto wao. Uiponye nchi yetu, na nchi jirani, na kila ugomvi uliomwaga damu kwa jina lako. Na sisi tulioitwa kwa jina la Kristo, meza zetu zimshuhudie yeye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.